Kuuza Toyota Altezza yako mwenyewe bila dalali: bei, wateja na makaratasi

Simu ya kwanza iliingia dakika nne baada ya tangazo kupanda. "Kaka, hiyo Altezza bado ipo? Mwisho shilingi ngapi?" Hakuuliza mwaka, hakuuliza injini, hata gari liko mkoa gani hakuuliza. Wiki tisa zilizofuata simu za namna hiyo ziliendelea kumiminika, nikaacha kuzihesabu zilipovuka sabini. Waliokuja kuliona kwa macho walikuwa kumi na mmoja. Waliokuja na fundi, watatu. Mwenye hela alikuwa mmoja, na ndiye aliyeondoka nalo.

Ndivyo gari la spidi linavyouzwa Dar es Salaam. Toyota IST ukiiweka sokoni kwa bei ya watu, wiki haiishi. Altezza, Subaru Impreza WRX, Celica au RX-8 hutazamwa na mtaa mzima, ila anayeinunua ni mtu mmoja mmoja, anayejua anachokitaka na asiye na haraka. Kazi yako ni kumfanya huyo akufikie, na kuwapunguza wengine bila kugombana nao. Hapa nitazungumzia Altezza kwa sababu ndiyo niliyoiuza na ndiyo ninayoijua. Mwenye Subaru abadilishe majina ya injini tu, mengine ni yale yale.

Hatua ya 1: Jua unauza gari gani hasa

Altezza za sedani ziko mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, na ile ya gia sita za mkono inatoa nguvu za farasi 210. AS200 ina 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, farasi 160. Zote ni za lita mbili, zote husukuma kwa magurudumu ya nyuma, na kwa nje mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha. Bei zake lakini haziko pamoja hata kidogo.

Usitegemee nembo ya nyuma. Nimeona Altezza imebandikwa RS200 kwenye buti huku chini ya boneti inanguruma 1G. Usitegemee gia pia, maana AS200 nazo zilitoka na gia sita za mkono, na RS200 nazo zipo za otomatiki. Kinachosema kweli ni namba ya chesisi: RS200 huanza na SXE10, AS200 huanza na GXE10. Iko kwenye kibati ndani ya boneti na iko kwenye kadi ya usajili. Kwa Impreza ya miaka ya 2000 hadi 2007 ni vivyo hivyo: GDA ni WRX, GDB ni STI, na tofauti yake ni mamilioni.

Mnunuzi mjuzi atafungua boneti kabla hajafungua mlango. Kwa hiyo angalia pia namba ya injini. Magari haya yanabadilishwa injini sana hapa mjini, na kadi ya TRA, mamlaka ya mapato, ina namba ya injini. Kama zilizopo kwenye kadi na kwenye chuma hazifanani, nenda karekebishe taarifa kwanza. Gari hilo huwezi kuhamisha umiliki wake vizuri, na mteja makini akiliona atageuza hapo hapo.

Hatua ya 2: Makaratasi kabla ya sabuni

Wengi huanza kwa kuosha gari. Anza na mkoba wa makaratasi.

Kadi iko kwa jina la nani? Hili nalisema kwa uchungu. Altezza yangu niliinunua mwaka 2016 kwa mtu aliyekuwa ameitembelea miaka mitatu bila kuihamisha. Kadi ilikuwa na jina la yule wa kwanza aliyeiingiza kutoka Japani, na yule alikuwa amehamia Mwanza na kubadilisha namba ya simu. Nilitumia miezi mitano kumtafuta kupitia kwa shemeji yake, na nauli ya basi niliilipa mimi. Kama na wewe uko kwenye mnyororo huo, ukate sasa kabla hujatangaza. Mteja wa gari la milioni 5 anaweza kufumba macho. Wa milioni 14 hafumbi.

Kama kadi iko kwa mkopeshaji, lipa deni au nenda na mnunuzi hadi kwa mkopeshaji mwenyewe, hela ilipwe pale na kadi itoke pale. Njia ya tatu haipo.

Kisha madeni ya barabarani. Faini za trafiki zinaonekana kwenye mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya gari, na ada za maegesho vivyo hivyo. Mtu yeyote mwenye namba ya gari lako anaweza kuangalia, na mnunuzi wako ataangalia akiwa kitandani kwake kabla hajakupigia. Lipa zote. Mimi nilikutana na deni la maegesho la 38,500 ambalo sikuwahi kujua lipo, mengi ya Kariakoo ambako mhudumu hupiga picha namba na kuondoka. Bima hakikisha haijabakiza siku tatu; mtu akilijaribu gari likiwa halina bima, matatizo yote ni yako.

Mwisho kabisa, risiti za sevisi. Zikusanye hata zile zilizopauka, zipange kwa tarehe, zitie kwenye faili. Faili langu lilikuwa na kurasa thelathini na kitu, na baadaye utaona lilivyofanya kazi.

Hatua ya 3: Bei

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wanaanza na hela waliyotumia. Rimu milioni moja na nusu, ekzosi laki sita, redio laki nne, basi gari limepanda. Halijapanda.

Mimi nilitafuta namba tatu.

Ya kwanza ni dari: gari kama lako likiagizwa leo kutoka Japani litafika kwa kiasi gani? Hakuna mtu atakayekulipa zaidi ya hapo. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Ukiingiza aina, mwaka na injini kinakupa thamani wanayoitumia wao na kodi zake. Thamani hiyo ni ya kwao, hata kama wewe umelinunua gari kwa bei ya kutupa.

Tuseme wamelithamini dola 4,000 likiwa limefika bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 1,000, na jumla inakuwa 5,000. Juu ya hiyo 5,000 kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5: dola 250. Halafu kuna ule wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10: dola 1,500. Tumefika 6,750, na VAT ya asilimia 18 hapo ni 1,215. Kodi peke yake ni 3,965, bila tozo ndogo ndogo, bila wakala wa forodha, bila usajili. Yaani mnunuzi analinunua gari mara mbili. Viwango hivi huguswa guswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo pitia kikokotoo wiki ile ile unayotangaza.

Angalia huo ushuru wa uchakavu. Toyota iliacha kutengeneza Altezza mwaka 2005, hivyo hakuna Altezza inayoweza kuingia nchini leo bila kuulipa. Ndiyo sababu iliyokwisha kuingia zamani, ikiwa na namba C au D (herufi inayoanza kwenye usajili wake), haishuki bei kama watu wanavyodhani. Kuna na jambo jingine upande wa Japani: Marekani inaruhusu kuingiza gari la nje lililotimiza miaka 25 bila masharti yao ya viwango, kwa hiyo magari ya spidi ya Kijapani ya mwisho wa miaka ya 1990 sasa yana wanunuzi wengine kabisa kwenye minada. Skyline ndiyo iliyopaishwa zaidi, lakini upepo unagusa hata hizi ndogo.

Namba ya pili ni sakafu. Nenda kwa madalali wawili au yadi mbili, uliza: "Ukinichukulia leo keshi, unatoa ngapi?" Utatukanwa kwa heshima. Mimi niliambiwa milioni 8 na nusu na mwingine milioni 9. Usikasirike, umepata taarifa bure. Hiyo ndiyo hela utakayoipata ukishindwa kusubiri, ada ya shule ikigonga mlango.

Ya tatu iko katikati, na inatafutwa kwenye matangazo ya wenzako: tovuti za Jiji na Kupatana, kurasa za magari za Instagram, magrupu ya WhatsApp. Usisome bei, soma tarehe. Altezza iliyotangazwa milioni 17 na ipo pale tangu miezi minne inakuambia kwamba milioni 17 sio bei. Iliyoondoka ndani ya wiki mbili ndiyo ya kuifuatilia. Mpigie aliyeuza, umwombe kistaarabu akuambie iliishia wapi. Watatu niliowapigia, wawili waliniambia bila kinyongo.

Dari yangu ilitoka juu kidogo ya milioni 20, sakafu 9, na zile zilizouzwa kweli zilikuwa kati ya 11 na 14. Nikaandika 14.8. Nilijiwekea moyoni kwamba chini ya 13 siuzi, nikamwambia mke wangu namba hiyo ili kesho nisije nikaisahau mbele ya mtu mwenye maneno matamu.

Kuhusu mapambo. Kila ulichokiongeza kinampunguza mteja, kwa sababu kila mmoja ana ladha yake, na kwa sababu gari lenye ekzosi ya kelele linasimulia lilivyoendeshwa. Kama bado una vifaa vya kiwandani, virudishe, ulivyoongeza uviuze peke yake. Kwenye magrupu vinaondoka haraka kuliko gari. Springi zilizokatwa ili gari lilale chini ni jambo la kwanza la kuondoa. Mteja akiziona anaanza kujiuliza ni wapi pengine palipokatwa.

Hatua ya 4: Tengeneza vya kutisha, acha vya kuzeeka

Gari la miaka ishirini na kitu linaruhusiwa kuwa na mikwaruzo. Haliruhusiwi kuwa na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi. Taa za onyo, AC isiyopoza, mlango usiofunguka kwa ndani, feni inayolia: hivi ni vya bei ndogo lakini vinampa mtu woga wa mamilioni. Tengeneza.

Usipige rangi. Rangi mpya nzima kwenye gari la spidi inasomeka kama ajali, hata kama ulikuwa na nia njema. Rangi ya kiwandani iliyofifia kwenye boneti ina thamani kuliko rangi ya gereji inayong'aa. Na injini usiioshe kwa presha asubuhi ya siku ya mteja. Ikiwa kavu na ya vumbi kidogo, mtu anaona haivuji. Ikiwa inametameta, atadhani umefuta oili.

Taimingi belti, mkanda unaooanisha mizunguko ya ndani ya injini, ipe uzito wake. 3S-GE na 1G-FE zote hutumia belti, EJ20 ya Subaru pia, na hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Kama huna risiti yake, hesabu kama haijabadilishwa, maana mteja atahesabu hivyo.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote kilinigharimu shilingi 60,000. Nilimwomba fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani, ya silinda zote nne, aandike namba kwenye karatasi, atie tarehe na kilomita. Mteja haangalii sana kama namba ni kubwa, anaangalia kama zinakaribiana. Moja ikiwa chini peke yake, hapo kuna hadithi. Zangu zilikuwa karibu sawa, na karatasi ile iliyochafuka mafuta ndiyo iliyokaa mbele kabisa kwenye faili.

Hatua ya 5: Picha na tangazo

Piga picha asubuhi, gari likiwa peke yake, mahali pasipo na kamba ya nguo. Pembe nne, ndani, dashibodi ikiwa imewaka na kilomita zinasomeka, chini ya boneti, buti likiwa wazi na tairi la akiba limetolewa ili sakafu ionekane. Wanaojua hutafuta pale dalili za kugongwa nyuma. Geji za Altezza zimetengenezwa mfano wa saa ya mkononi. Picha moja nzuri ya hizo geji inauza kuliko picha tano za rimu. Kasoro nazo zipige picha.

Tangazo langu lilisomeka hivi:

"Inauzwa Toyota Altezza RS200 ya 2001, chesisi SXE10, injini 3S-GE, gia sita za mkono. Namba C. Kilomita 148,000, risiti za sevisi zipo tangu 2016. Kadi ipo kwa jina langu, haidaiwi faini wala maegesho. Taimingi belti imebadilishwa kwenye 141,000. AC inapoza. Kasoro: bampa la nyuma limekwaruzwa kulia, gia ya pili inagoma kidogo injini ikiwa ya baridi, kiti cha dereva kimeachia mshono. Ipo Sinza. Milioni 14.8. Kujaribu ni kwa mwenye leseni."

Sikuandika "maongezi yapo". Kila Mswahili anajua maongezi yapo. Ukiyaandika, umeshapunguza milioni kabla simu haijalia. Zile kasoro nazo ziliwaondoa wengi, na waliobaki walifika wakiwa wameshazikubali. Gia ya pili haikuja kuwa silaha ya mtu yeyote mezani.

Hatua ya 6: Simu

"Mwisho ngapi?" kwa simu haina jibu. Mimi nilijibu, "Njoo ulione kwanza, ukilipenda tutaongea kama watu wazima." Nusu ya simu ziliishia hapo.

Waliobaki niliwauliza mawili: umewahi kumiliki gari la gia ya mkono, na utakuja na nani? Mnunuzi wa kweli hujibu la pili bila kufikiri: nakuja na fundi wangu, nakuja na kaka yangu. Mtazamaji husema "nitakucheki".

Madalali watapiga pia. "Bosi, nina mteja, keshi iko mkononi, ila yeye nimemwambia 16." Hiyo ya juu ni cha juu chake. Siwachukii, kuna wanaofanya kazi kweli. Ila kama unataka kumtumia, mpe bei yako isiyopungua, kubalianeni kamisheni kwa maandishi ya meseji, na asiondoke na gari kwenda "kumwonyesha mteja". Gari la spidi likienda kuonyeshwa linarudi na matairi yaliyolika.

Hatua ya 7: Kuliona na kulijaribu

Nyumbani sikumleta mtu yeyote. Tulikutana kwenye maegesho yenye watu, mchana. Injini iwe ya baridi. Ukilipasha kabla hajafika, fundi akigusa boneti ataona kuna kitu unaficha.

Anza kuendesha wewe. Umtembeze kwenye barabara yenye matuta, asikie miguu ya gari, kisha yenye lami nzuri, kisha foleni kidogo aone joto halipandi. Baada ya hapo mpishe, wewe ukiwa kiti cha abiria, leseni yake ukiwa umeshaipiga picha. Njia uipange wewe na uiseme mapema. Kijana mmoja alikuja na mchumba wake, akaomba "niikanyage tu kidogo". Nikamwambia mbele pale kuna tochi ya trafiki ya kupima spidi, na kweli ilikuwepo. Alikanyaga hivyo hivyo, gia ya kwanza hadi ya pili, mchumba akicheka nyuma. Aliposhuka akasema gari ni tamu, atarudi mwisho wa mwezi. Tangu siku ile nikaweka sharti: kulijaribu ni baada ya kukubaliana bei ya mdomo. Maombi yakapungua, na sikujuta.

Fundi wa mteja mwache afanye kazi yake, mpe tochi ya mkononi na jeki. Ila kuna fundi atakayekuvuta pembeni: "Bro, nitoe laki mbili nilipitishe." Ilinitokea kwa mteja wa pili. Nilimwambia tu kwa sauti ya kawaida, mbele ya tajiri wake, kwamba gari lijisemee lenyewe. Mteja yule hakununua, huenda kwa sababu hiyo. Bora hivyo, fundi aliyelipwa huwa na siku ya kusema.

Hatua ya 8: Kupatana

Aliyenunua alikuwa mtu wa makamo kutoka Morogoro, aliyewahi kuwa na Altezza ya 1G na alikuwa akiitafuta RS200 kwa muda. Fundi wake alikaa chini ya gari nusu saa. Akatoka na orodha: bushi za mbele, klachi imeanza kupanda juu, tairi mbili za nyuma.

"Mzee, hapa toa milioni mbili tumalize," akasema.

Sikubisha orodha. Nikafungua faili, tukatafuta klachi pamoja: ilibadilishwa kwenye 119,000, kwa hiyo ni kweli ina safari. Bushi nilikuwa sijui. Tukampigia simu muuza spea wa Ilala pale pale, spika ikiwa wazi, akataja bei ya bushi, klachi na tairi. Jumla na ufundi ilikuja kama milioni 1.3. Nikasema nitabeba zaidi ya nusu, 14 kamili. Yeye akasema 13.2. Tukakaa kimya, fundi akinawa mikono. Tukakutana 13.6.

Unapopunguza, pungua kwa sababu inayotajika, na pungua mara moja. Ukishuka laki tano kwa ajili ya "kaka fanya basi", atajua kuna laki tano nyingine huko zilikotoka.

Hatua ya 9: Hela

Kama amelipenda na hela iko njiani, chukua arabuni, muandikiane: kiasi, tarehe ya mwisho, na inarudi au hairudi asipotokea. Gari usimpe. "Nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi, gari nitembelee" usikubali hata kama ni binamu yako, hasa kama ni binamu yako.

Malipo yafanyike benki, kwenye tawi lako, siku ya kazi na asubuhi. Akileta taslimu, mashine ya benki ndiyo ihesabu na kutambua noti, na iingie kwenye akaunti yako pale pale. Akihamisha, subiri hadi karani au programu yako ya benki ikuonyeshe salio limeongezeka. Meseji ya muamala kwenye simu usiiamini peke yake. Meseji za kughushi zinaandikwa vizuri kuliko za kampuni zenyewe. Hundi sichukui. Kuna rafiki yangu aliuza Mark X kwa hundi siku ya Ijumaa jioni, na Jumatatu alikuwa na karatasi tu.

Hatua ya 10: Mkataba na kuhamisha

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili na ugongwe muhuri. Uwe na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, namba za simu, namba za gari, chesisi na injini, bei halisi, kilomita, na maneno kwamba mnunuzi amelikagua na kulikubali lilivyo. Halafu kuna kitu ambacho mikataba mingi ya stesheneri haina: tarehe na saa ya kukabidhiana. Wangu unasema saa 5:40 asubuhi. Gari likigonga mtu saa nane mchana siku ile ile, saa hiyo ndiyo inayokutenga na kesi.

Bei halisi, narudia. Utaombwa muandike milioni 6 ili ushuru wa stempu upungue. Mkataba huo ukifika mahakamani, wewe ni mtu aliyepokea milioni 6.

Kuhamisha hufanyika TRA, kila mmoja awe na TIN, namba ya mlipakodi, kwa kadi ya awali, mkataba na vitambulisho, na kuna ada ya kuhamisha, ya kadi mpya na ushuru wa stempu. Kwa desturi mnunuzi ndiye hulipa, ila semeni mapema. Ushauri wangu ni mmoja: msiachane siku ile kabla maombi hayajaingizwa. Ukimpa kadi na kumwamini "nitahamisha wiki ijayo", faini zake na maegesho yake yataendelea kuitwa jina lako, na wewe ndiye utakayetafutwa polisi wakija na namba ya gari. Sisi tulitoka benki, tukapita kwa wakili, tukaingia TRA, na saa nane tulikuwa tunakula wali maharage.

Baki na nakala ya kila kitu, pamoja na picha yake akiwa ameshika funguo mbele ya gari. Ijulishe kampuni ya bima kwamba gari limeuzwa. Mfumo wa faini uendelee kuuchungulia kwa namba ya gari mpaka uone kadi mpya. Yeye alinitumia picha yake siku ya kumi na nane, jina lake likiwa pale lilipokuwa langu. Kisha pita kwenye kila ukurasa na kila grupu ulikoweka tangazo, ulifute. Mimi moja nililisahau, na hadi leo napigiwa.